MNUNUZI NI WETU, KIWANDA NI CHA NANI?

Siku hizi kila mwenye kusimama jukwaani kuzungumza habari za uchumi hupenda kutuambia kwamba dunia imekuwa kijiji kimoja. Neno hilo limesemwa mara nyingi hata limekuwa kama dua: watu huitikia "amina" pasipo kuuliza maana yake. Twaambiwa kuwa viwanda sasa ni vya dunia nzima, na wanunuzi nao ni wa dunia nzima. Kwamba kijana wa Temeke na kijana wa Toronto hutaka viatu vilevile, hunywa kinywaji kilekile, na hushika simu ileile mkononi. Upande wa pili wako wenzetu wanaoyakana kabisa maneno hayo. Hao husema kwamba Mwafrika ni Mwafrika, mila zake ni zake, na kwamba mgeni hawezi kamwe kumjua mnunuzi wa Tandika kama tumjuavyo sisi.

Gazeti hili laona kwamba pande zote mbili zimesema nusu ya neno, na ile nusu iliyoachwa ndiyo yenye mkate wa mfanyakazi ndani yake. Basi leo twapenda kulichambua jambo hili taratibu, wala si kwa kuwapendeza wataalamu, bali kwa sababu wako ndugu zetu wanaoingia zamu Chang'ombe, Mbagala na Ubungo ambao riziki yao yategemea jibu lake.

Fikra ya dunia moja ina mwalimu wake. Mwaka 1983 Theodore Levitt, profesa wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, aliandika makala iliyosomwa sana. Alidai kwamba maendeleo ya usafiri na mawasiliano yamewafanya watu wote watamani mambo mamoja, na kwamba kampuni yenye akili ni ile itengenezayo kitu kimoja, kwa namna moja, na kukiuza kila mahali kwa bei nafuu. Kama maneno hayo ni kweli, hukumu ya viwanda vyetu imekwisha kutolewa. Kiwanda kidogo cha nchi maskini hakitaweza kushindana na kiwanda kikubwa kinachoihudumia dunia nzima. Afadhali kifunge milango yake, na wafanyakazi wake waende kutembeza soksi Kariakoo. Ndiyo maana haifai kuyaacha maneno hayo yapite bila kupimwa.

Na mizani ya kuyapimia haiko Harvard. Iko madukani mwetu.

DUKANI KWA MANGI

Mtu aingiaye Tandika asubuhi, au apitaye Mwananyamala na Tandale jua linapoanza kuwaka, ataona dunia nzima imetandazwa mbele yake. Kuna fulana za timu za mpira za Uingereza, simu kutoka China, soda yenye jina la Marekani, ndala, redio na vipodozi vya kila taifa. Apitaye kwa haraka ataapa kwamba profesa alisema kweli. Lakini na asimame kidogo, asitazame vitu peke yake, bali atazame namna vinunuliwavyo.

Ataona mama akinunua sukari robo, mafuta ya kula kwa kipimo, kipande cha sabuni kilichokatwa kutoka kwenye mche, nyanya kwa fungu na mkaa kwa kopo. Si kwamba mama huyo hajui hesabu. Anajua sana kwamba anunuaye mfuko mzima hupata nafuu. Lakini mumewe ni kibarua alipwaye jioni, nyumba yao ni chumba kimoja cha kupanga, friji hakuna, na ya kesho hayajulikani. Vipimo hivyo vimekatwa na hali ya mapato, wala havikukatwa na ujinga. Na siku mkoba ukiwa mtupu kabisa, Mangi wa mtaani hufungua daftari lake la mkopo, kwa maana anaijua nyumba, anawajua watoto, na anaijua siku ya mshahara. Duka kubwa lenye milango ya vioo halina daftari la namna hiyo.

Maduka makubwa yalikuja kujaribu. Shoprite ya Afrika Kusini iliyauza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, nayo ya Kenya, ikafunga maduka yake nchini mwaka 2015. Nakumatt yenyewe ikaanguka mwaka 2017 kwa mzigo wa madeni. Game ya Afrika Kusini, iliyokuwa Mlimani City, ikaondoka mwaka 2022. Hatusemi kwamba Mangi peke yake ndiye aliyewashinda wote hao. Kila mmoja alikuwa na matatizo yake. Twasema tu kwamba hakuna hata mmoja wao aliyepata njia ya kumuuzia kibarua sukari robo kwa mkopo.

Tazama na unga. Mahindi ni mahindi dunia nzima, na Marekani ndiyo iyalimayo kwa wingi kuliko nchi zote. Hata hivyo watu wazima wanaukumbuka ule unga wa njano ulioletwa nchini wakati wa uhaba wa miaka ya 1970 na 1980, ambao watu waliupa jina la "unga wa Yanga" kwa sababu ya rangi yake. Kilikuwa chakula halali, nacho kiliwaokoa wengi. Lakini mahindi meupe yaliporudi hakuna aliyeulilia. Mpaka leo vinu vya Manzese na Tandale husaga sembe nyeupe, na hakuna kampuni ya ng'ambo iliyowanyang'anya wasagishaji wa huko kazi yao.

Hata soda, inayotajwa siku zote kuwa mfano wa kitu cha dunia nzima, si moja. Coca-Cola ya Marekani tangu miaka ya 1980 hutiwa sharubati tamu itokanayo na mahindi. Ya kwetu hutiwa sukari. Tena kwetu imezoeleka kuuzwa katika chupa ya kioo irudishwayo kwenye kreti, na asiye na chupa tupu hunywea palepale dukani. Jina ni moja na rangi ni moja, lakini biashara ni nyingine.

Basi kwa upande huu profesa ameshindwa. Mnunuzi si wa dunia. Mnunuzi ni wa mtaa wake, wa mshahara wake na wa jiko lake.

MAMBO HAYA SI MAGENI

Wanaodhani kwamba utandawazi ulizaliwa jana yawapasa kufungua historia ya pwani yetu. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sultani Said, aliyetawala Zanzibar, na muda si mrefu shuka nyeupe ya pamba kutoka jimbo la Massachusetts ikaenea mpaka bara. Watu wakaiita merikani, na jina hilo lingali likitumika. Katika mji wa Salem kilifunguliwa kiwanda cha Naumkeag mwaka 1847, na sehemu ya nguo zake ilivuka bahari kuja kwetu. Ndiyo kusema kwamba wafanyakazi wa Salem walikuwa wakifuma kwa kufuata matakwa ya watu wa Unyamwezi na Ugogo ambao hawakupata kuwaona kwa macho. Mnunuzi wa bara alitaka nguo yenye uzito fulani na ufumaji fulani. Ile ya kuiga aliishika kwa vidole, akaikataa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopiganwa Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, pamba iliadimika na bei ikapanda. Ndipo viwanda vya Uingereza, na baadaye vya Bombay, vilipopata nafasi. Navyo havikuweza kuishika nafasi hiyo mpaka vilipojifunza kufuma kama alivyotaka mnunuzi.

Kadhalika ushanga. Stanley, alipokuwa akijitayarisha Zanzibar mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, ilimbidi ajifunze kwanza ni ushanga wa rangi gani upokelewao katika nchi gani. Ule mwekundu uitwao samesame ulipendwa mahali pamoja. Mahali pengine hata mtoto asingeuokota. Msafiri aliyekosea rangi alibeba mzigo usioweza kumnunulia kibaba cha mtama. Watu hao walioitwa washenzi katika vitabu vya wazungu walikuwa na uwezo wa kukifanya kiwanda cha Ulaya kibadili rangi.

Lakini shahidi mkubwa kuliko wote ni kanga. Yasimuliwa kwamba wanawake wa pwani katika karne ya kumi na tisa walinunua vitambaa vya leso, neno tulilolirithi kwa Wareno, wakaviunga pamoja vikawa nguo moja. Na wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyopigwa chapa kwa mfano huo. Tangu hapo ikawa na pindo, ikawa na mji, na mwanzoni mwa karne ya ishirini ikawa na jina, yaani yale maneno yanayosema lile ambalo mdomo hauwezi kulisema. Huko Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lijulikanalo kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", lilipata sifa kubwa kwa majina hayo. Mitindo ilibadilika upesi. Mfanyabiashara aliyeagiza pindo ambalo wanawake wamekwisha kulichoka alibaki na robota zake ghalani.

Na kanga hizo zilipigwa chapa wapi? Zilipigwa Uingereza. Zilipigwa Helmond na Leiden, nchini Uholanzi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza zikapigwa Japani, na viwanda vya India navyo vikaingia kwa nguvu. Hakuna nguo iliyo yetu kuliko kanga. Na kwa miaka mingi hakukuwa na nguo iliyotengenezwa na wageni kuliko kanga.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye fundo la jambo hili.

NANI AMJUAYE MNUNUZI?

Wenzetu wanaojivunia kwamba mnunuzi wetu ni wa pekee hudhani kwamba upekee huo ni ngome. Husema: "Mgeni hatuwezi." Historia yasema sivyo. Upekee wa mnunuzi si ngome. Ni mlango, na hupita mlangoni yule aliyechukua taabu ya kubisha hodi. Mtu wa Helmond hakuvaa kanga wala hakuelewa jina lililoandikwa juu yake. Aliuliza tu, akajibiwa, akatengeneza. Mshahara wa kazi hiyo ukalipwa Helmond.

Jambo hilohilo laendelea mbele ya macho yetu. Simu za Tecno na Itel, ambazo zimejaa mikononi mwa wakazi wa Mbagala na Mwananyamala, ni za kampuni ya Transsion iliyoanzishwa mwaka 2006, yenye makao Shenzhen, China. Kampuni hiyo ilijijenga kwa kuuza Afrika, na huko China kwenyewe haina jina kubwa. Ilifanya nini ambacho wengine hawakukifanya? Ilitazama. Iliona kwamba mtu wa kwetu hubeba laini mbili au tatu ili kukwepa gharama ya kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, ikatengeneza simu ya laini mbili. Iliona kwamba umeme hukatika, au haupo kabisa, ikatia betri inayodumu. Iliona kwamba kamera za simu nyingine humfanya mtu mweusi aonekane kama kivuli, ikairekebisha kamera. Ni kampuni ya mbali, lakini imemjua mnunuzi wetu kuliko makampuni mengi yaliyo karibu.

Chang'ombe tunacho kiwanda cha bia ya Serengeti. Jina ni la mbuga yetu. Lakini tangu mwaka 2010 hisa zake nyingi ni za kampuni ya Nairobi ambayo nayo kwa miaka mingi imekuwa chini ya Diageo ya London. Hatutaji hilo kwa kulaumu, kwa maana hapo walau mfanyakazi ni wetu na kodi hulipwa kwetu. Twalitaja ili ionekane kwamba makampuni makubwa ya dunia yenyewe yamekwisha kuliacha somo la mwaka 1983. Hayaji tena na kitu kimoja kwa watu wote. Huja na mtaji mmoja, na mitambo ya namna moja, kisha huuliza: hapa watu hupenda nini, na hukiita kwa jina gani?

Upo pia mfano wa faraja. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Aprili 2008 ikaletwa Tanzania na Vodacom. Wengi walitazamia kwamba iliyofaulu Nairobi itafaulu Dar es Salaam vilevile. Haikuwa hivyo, mwanzoni ilikwenda polepole, maana Kenya kampuni moja ilikuwa na sehemu kubwa ya wateja, na kwetu wateja wamegawanyika katika mitandao mingi. Dawa yake ikapatikana hapahapa: mwaka 2014 mitandao ya Tigo, Airtel na Zantel ikakubaliana kwamba fedha zitumwe kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Katika jambo hilo Tanzania ilitangulia majirani zake. Mitambo haikuwa yetu; ufumbuzi ulikuwa wetu, kwa sababu shida ilikuwa yetu na tuliitazama bila kuona haya.

Na Bakhresa, mtoto wa Zanzibar aliyeanza kwa biashara ndogo hapa mjini, hakungoja watu wa Mbagala na Kimara waifuate aiskrimu katika maduka yenye viyoyozi. Aliwapelekea kwa baiskeli mpaka uchochoroni, na kinywaji cha ukwaju akakitia katika chupa. Mtu huyo aliijua njia ya uchochoroni, akaitumia kujenga viwanda.

TUSIJITOE LAWAMANI

Yatupasa sasa kusema la kwetu, maana asemaye makosa ya wengine na kuficha yake hana haki ya kusikilizwa.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 taifa liliamua kwamba pamba ya Tanzania ifumwe Tanzania. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na twausimamia hata leo. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo kwa msaada wa China, na kanga na vitenge vyake vikavaliwa nchi nzima. Kwa mara ya kwanza mwanamke wa Magomeni alijifunga kanga iliyopigwa chapa na jirani yake. Hilo halikuwa jambo dogo, na anayelicheka leo hajui lilikuwa na maana gani.

Lakini tulimlinda mwenye kiwanda, tukamsahau mwenye kanga. Nguo za nje zilipozuiwa, mnunuzi alikosa pa kwenda, na kiwanda kisichoogopa kumpoteza mnunuzi huacha kumsikiliza. Baada ya vita vya Kagera, vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikwisha, vipuri vikakosekana na mitambo ikasimama. Watu wakapanga foleni kwa sukari, kwa sabuni, na kwa doti moja ya kanga ambayo hawakuichagua rangi wala jina. Mwaka 1983 tuliwasaka walanguzi, lakini hatukujiuliza vya kutosha kwa nini kanga ya magendo ilipendwa kuliko ya halali. Biashara ilipoanza kufunguliwa kuanzia mwaka 1984, mnunuzi aliyekuwa amefungiwa alitoka mbio, wala hakutazama nyuma. Viwanda vingi vya nguo vikafungwa au vikauzwa. Urafiki yenyewe katika miaka ya 1990 ikawa ya ubia, Wachina wakiwa na asilimia 51 na Serikali yetu 49.

Hatuyasemi haya ili kuwafurahisha wanaoichukia siasa ya kujitegemea. Twayasema kwa sababu kosa lilikuwa moja, nalo laweza kurudi: tulidhani kwamba mtu akiwa Mtanzania basi ni mnunuzi wetu kwa kuzaliwa. Sivyo. Mnunuzi hushindaniwa kila asubuhi.

Somo jingine lilikuja juzi juzi. Machi 2016 viongozi wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba polepole mpaka ikome mwaka 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika mwaka 2017, na Serikali yao ikatishia kuziondoa nchi zetu katika mpango wa AGOA, uliokuwa ukiruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza. Rwanda ikashikilia, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Aliyeambiwa kwamba soko la dunia ni mahali pa watu sawa wanaopatana bei, na aitafakari habari hiyo.

Lakini tuseme kweli yote. Hata kama Marekani isingetia mkono, mitumba isingeondoka kwa tangazo. Mtu wa Tandika hanunui mtumba kwa kuipenda Marekani. Ananunua kwa sababu shati hilo ni imara, halichuji, na kwa bei ile hapati jingine kama hilo. Kisha humpelekea fundi cherehani barazani, ambaye hulipunguza mabega na kulifupisha mikono mpaka likawa shati la Temeke. Fundi huyo naye ni mfanyakazi, na mchuuzi wa robota naye ni mwananchi. Anayetaka kuwashinda na awashinde kwa shati.

KILICHO CHA DUNIA KWELI

Tukisema kwamba mnunuzi ni wa mtaa, hatusemi kwamba kila kitu ni cha mtaa. Mtambo wa kufuma ni uleule Mbagala na Bombay. Bei ya mafuta huamuliwa mbali, na bei ya pamba ya mkulima wa Shinyanga hupanda na kushuka pamoja na soko la New York. Rangi inayochuja huchuja vilevile katika kila beseni duniani, na mwenye nguo huchukia vilevile. Kwa hiyo kiwanda chetu hakina ruhusa ya kutengeneza kibovu na kujitetea kwa uzalendo. Katika mitambo, ubora na bei tunapimwa na dunia. Katika matumizi, ladha, kipimo na jina tunapimwa na mtaa. Kiwanda kikikosa kimoja kati ya hivyo viwili hakiishi.

Na hapo yaonekana hasara yetu ilivyo kubwa. Kile kigumu kukipata, yaani kumjua mnunuzi, tunacho bure. Twaishi naye nyumba moja. Mgeni hulazimika kusafiri, kuajiri na kuuliza ili akipate. Hata hivyo ni yeye akipataye na kukitia kazini, nasi tumekikalia. Sehemu kubwa ya pamba yetu huondoka nchini kabla haijasokotwa, kisha hurudi ikiwa kanga na vitenge kutoka India na China, vyenye maneno ya Kiswahili safi. Tunauza uzi na ujuzi kwa pamoja, halafu tunanunua vyote viwili. Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa sahani ya dengu. Walau yeye alikuwa na njaa siku hiyo.

LIPI LIFANYIKE?

La kwanza lawahusu wenye viwanda. Yawapasa waache kuchora pindo katika ofisi yenye pazia. Kiwandani mwao wako wanawake wakunjao doti na kuzifunga. Hao ndio wavaaji. Wanajua ni jina gani litaisha Kariakoo kwa siku tatu, na ni rangi gani haivaliwi msibani. Kuwauliza hakugharimu hata senti. Mkurugenzi anayemwajiri mtaalamu wa masoko kutoka nje kabla ya kumuuliza mkunja doti wake amepoteza fedha mara mbili.

La pili lawahusu wafanyakazi. Kanga ikichuja, aliyeharibikiwa si mwenye mali peke yake. Mama aliyedanganyika mara moja hatarudi, na safari ile asiporudi ndipo zamu inapopunguzwa. Chama cha wafanyakazi kinachopigania mshahara pasipo kupigania ubora wa kazi chalipigania jani na kuliacha shina. Vilevile mwenye kiwanda anayetaka kazi bora kwa mshahara wa kubahatisha ajue kwamba vidole vyenye njaa havikazi uzi.

La tatu laihusu Serikali yetu. Hatuombi ukuta kama ule wa zamani. Twaomba haki bandarini: shehena ya vitenge itozwe kwa thamani yake ya kweli, na michoro ya viwanda vyetu ilindwe, isije ikaigwa ng'ambo na kurudi hapa kabla rangi ya ile ya asili haijakauka. Umeme usiokatika ni kinga bora kwa kiwanda kuliko marufuku kumi. Na Serikali yenyewe ni mnunuzi mkubwa: mashuka ya hospitali, sare za askari, sare za shule. Mnunuzi huyo walau hana sababu ya kununua robo robo.

La nne latuhusu sisi wa Chama, nalo ndilo gumu kulisema. Kila uchaguzi ukija, mitaa ya Temeke na Kinondoni hupendeza kwa kijani na njano. Kanga, fulana na kofia hugawiwa kwa maelfu, na wanawake huzivaa kwa fahari. Je, tawi lako limepata kuuliza zilipigwa chapa wapi? Chama kinachohubiri viwanda jukwaani, huku jukwaa lenyewe limevikwa nguo ya kiwanda cha mbali, kitakuwa kinahubiri kwa mdomo na kukana kwa mavazi. Hatujui neno jepesi zaidi la kusema kuhusu jambo hilo, wala hatulitafuti.

Wako watakaosema kwamba kanga ni jambo dogo la wanawake, na kwamba taifa lapaswa kufikiri habari za chuma na gesi. Tunawajibu kwamba kiwanda cha Salem kilifuma shuka, cha Helmond kikapiga chapa leso, na Osaka ikafuma pamba kabla Japani haijauza magari. Mataifa hayo hayakuona haya kuanza na nguo ya mwanamke. Walioona haya ni sisi, tuliokuwa na mwanamke mwenyewe nyumbani.

Basi kwa swali tuliloanza nalo, jibu letu ni hili. Viwanda vimekuwa vya dunia. Wanunuzi wangali wa mitaa yao. Na faida humwendea yule aunganishaye viwili hivyo, awe wa Shenzhen au wa Mbagala. Upekee wetu hautatuajiri wenyewe tusipouajiri.

Katika mkutano wa tawi ujao, kila mwanachama na atazame kanga ya jirani yake. Jina lake atalisoma na kulicheka, kama ilivyo desturi yetu. Kisha na ashike upindo, asome yale maandishi madogo ya ukingoni ambayo hatuna desturi ya kuyasoma. Mjadala wa viwanda na uanzie hapo.